Majeruhi mbele ya daktari: maswali ya wasomaji kuhusu matibabu baada ya ajali ya barabarani

Barua tulizopokea kuhusu ajali za barabarani zinafanana kwa jambo moja. Wengi wa walioandika hawalilalamikii sana gari lililowagonga; wanalalamikia kilichofuata, yaani foleni, karatasi, na daktari waliyemwona kwa dakika chache kisha wakatoka chumbani bila kuelewa walichoambiwa. Tumechagua barua nne na kuyaacha majina ya waandishi wake. Majibu haya hayachukui nafasi ya daktari anayekuona uso kwa uso, bali yanakusaidia ufike mbele yake ukiwa umejiandaa.

SWALI: Nilikuwa abiria katika basi dogo lililogongwa kwa nyuma na lori karibu na Gairo. Sikuvunjika popote. Kituo cha afya walinipa dawa za maumivu, nami nikamwambia askari wa usalama barabarani kwamba niko salama, nikapanda gari jingine. Siku ya tatu shingo ilikaza, na sasa mgongo unauma hadi nashindwa kuinama. Nimerudi kwa daktari mara mbili, na kila mara ananiandikia dawa zilezile kabla sijamaliza kueleza. Je, nimechelewa? Na nimwelezeje ili anisikilize? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Pole sana, ndugu. Hujachelewa. Mtu anapogongwa kwa nyuma, kichwa hutupwa nyuma kisha mbele kwa ghafla, na misuli pamoja na kano zinazoishikilia shingo huvutika kupita kiasi. Uvimbe wake huongezeka taratibu, ndiyo maana majeruhi wengi hulala vizuri usiku wa kwanza na kuamka siku ya pili au ya tatu wakishindwa kugeuza shingo. Tena, mwili ulioshtuka huficha maumivu kwa saa kadhaa. Kwa hiyo kauli yako kwa askari haikuwa uongo, lakini si kipimo cha daktari pia, wala isikuzuie kurudi hospitali.

Kwanza tuondoe hatari. Ikiwa mikono au miguu inakufa ganzi au inaishiwa nguvu, ikiwa sehemu za siri na katikati ya mapaja zimepoteza hisia, au ikiwa unashindwa kuzuia mkojo ama kuutoa, usisubiri kliniki ya Jumatatu. Nenda hospitali siku hiyohiyo, hata kama ni usiku, kwa sababu huenda uti wa mgongo au mishipa ya fahamu itokayo humo imebanwa. Ndivyo ilivyo kwa kichwa pia: maumivu yanayozidi kila siku, kutapika, usingizi usio wa kawaida, kuchanganyikiwa, au mboni ya jicho moja kuwa kubwa kuliko ya jingine. Damu inaweza kuvuja polepole kati ya fuvu na ubongo, na kwa wazee pamoja na wanaotumia dawa za kuzuia damu kuganda, dalili zinaweza kuchukua hata wiki kadhaa kujitokeza. Wakati huo familia huwa imekwisha kuisahau ajali, na mzee anapoanza kupotewa na maneno husemwa kwamba ni umri tu.

Sasa tuje kwa daktari wako. Daktari wa wagonjwa wa nje ambaye mabenchi yamejaa mlangoni mwake hana nusu saa ya kukupa, na kumlalamikia juu ya hilo hakutaongeza hata dakika moja. Kinachosaidia ni kuitumia vizuri dakika ya kwanza. Wengi wetu huanza kwa kusema, "Daktari, mwili wote unauma," kauli ambayo haimpi pa kuanzia, naye huandika dawa ya maumivu kwa sababu hakuambiwa kingine. Anza na ajali yenyewe: "Tarehe fulani nilikuwa nimekaa kiti cha nyuma, sikufunga mkanda, lori lilitugonga kwa nyuma, paji la uso likagonga chuma cha kiti cha mbele, sikupoteza fahamu." Maelezo hayo mafupi humwonyesha nguvu ya mgongano ilipitia wapi mwilini, na hivyo wapi pa kupapasa. Kisha mwonyeshe mahali panapouma kwa kidole kimoja, si kwa kiganja kizima, na umweleze usichoweza kukifanya: huwezi kuinua ndoo ya maji, huwezi kukaa kwenye kiti mpaka taarifa ya habari iishe, unaamka saa nane usiku kila unapojigeuza. Kila mgonjwa husema inauma sana. Anayesema kwamba tangu Jumapili ameshindwa kuvaa soksi mwenyewe ndiye ambaye maneno yake huandikwa.

Kama mgongo ulikuwa ukikusumbua hata kabla ya ajali, mwambie. Wapo wanaoficha wakidhani kwamba watapoteza haki yao ya fidia, kumbe ugonjwa wa zamani uliozidishwa na ajali ni jambo ambalo madaktari na mahakama hulitambua. Kinachoharibu ni ugonjwa huo kugunduliwa katika karatasi za zamani baada ya wewe kuukana. Mtajie pia kila dawa uliyonunua dukani. Ninalisisitiza hili kwa sababu ni jambo la kila siku: mtu amepewa diklofenaki hospitali, jirani akampa ibuprofeni, naye anameza zote mbili asubuhi na jioni bila kujua kwamba ni za jamii moja, na kwamba zikichanganywa huongeza hatari ya vidonda vya tumbo vinavyotoa damu na madhara kwenye figo.

Kuhusu picha, fahamu kwamba eksirei huonyesha mifupa na haionyeshi misuli, kano wala diski zilizo kati ya pingili za mgongo. Picha safi haina maana kwamba maumivu yako ni ya kubuni, na daktari anayekuambia "picha haina kitu" anazungumzia mifupa tu. Wakati huohuo, si kila mgongo unaouma unahitaji MRI, yaani picha inayoonyesha pia misuli na diski. Maumivu ya aina yako kwa watu wengi hupungua katika wiki au miezi michache, na kulala kitandani siku nyingi huyachelewesha kupona. Muulize waziwazi anadhani umeumia nini, kwa nini anaamini si jambo kubwa zaidi, na urudi lini ikiwa dawa hizi hazitasaidia. Muulize pia kama unaweza kuonwa na mtaalamu wa fiziotherapia, kwa sababu mazoezi sahihi mara nyingi huusaidia mgongo wa namna hii kuliko chupa ya tatu ya vidonge.

Jambo la mwisho ni maandishi. Wengi wetu hutibiwa kwa daftari la shule lililonunuliwa langoni, na humo huwa na mistari miwili mitatu ya Kiingereza yenye mwandiko ambao hata mfamasia huusoma kwa kubahatisha. Mwombe daktari kwa upole aandike kwamba maumivu haya yameanza baada ya ajali ya tarehe fulani. Kisha rudi katika kituo cha polisi kilichoshughulikia ajali, uchukue fomu ya PF3 ikiwa hukuichukua; polisi hujaza sehemu yao, daktari hujaza yake kuhusu majeraha. (Kwa wanaouliza: majeruhi mwenye hali ya dharura hutibiwa kwanza, PF3 hufuata.) Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169, inamlazimu mwenye gari awe na bima ya kuwafidia wengine atakaowaumiza, na shauri la madai ya kuumizwa kwa uzembe lina ukomo wa miaka 3 tangu tukio. Atakayelisoma dai lako ataangalia kwanza ni lini ulimwambia daktari kwa mara ya kwanza kwamba mgongo unauma, na kama tarehe hiyo haipo popote, utabaki na maneno matupu.

SWALI: Mwanangu mshauri, kijana wangu ana miaka 22 na ni dereva wa bodaboda. Aligongwa na gari, mfupa wa mguu chini ya goti ukavunjika na kutoboa ngozi. Hospitali walisafisha kidonda, wakasema atafanyiwa upasuaji wa kuwekewa chuma, lakini tarehe imesogezwa mara mbili. Baba zake wadogo wanataka tumtoe, tumpeleke kwa mzee anayeunga mifupa, ambaye kweli amewaponya watu hapa kwetu. Daktari akipita asubuhi huzungumza Kiingereza na wanafunzi wake kisha huondoka. Nifanye nini? (Mama, Korogwe)

JIBU: Shikamoo, mama, na pole kwa kuuguza. Nakuomba usimtoe.

Sisemi hivyo kwa kumdharau mzee. Mfupa uliovunjika bila ngozi kuchanika, na ambao haukuhama mahali pake, mara nyingi huunga wenyewe ukitulizwa, awe ameufunga daktari au mzee wa kijijini, na hao ndio watu mliowaona wakipona. Mguu wa kijana wako si wa aina hiyo. Mfupa uliotoboa ngozi umegusana na vumbi la barabara, na wadudu wakishajichimbia ndani yake huleta usaha unaoweza kutoka kwa miaka, ukikauka leo na kufumuka tena baada ya miezi. Ndiyo maana walimsafisha mapema, na ndiyo maana anapaswa kuwa anapewa dawa za kuua bakteria na awe amechomwa sindano ya pepopunda. Muulize nesi kama imeandikwa kwamba amechomwa. Hatari ya pili ni vijiti na vitambaa vinavyokazwa. Mguu uliovunjika huvimba, na ukifungwa kwa nguvu damu haifiki kwenye vidole. Madaktari wa mifupa nchini wanawafahamu vizuri vijana wanaoletwa na mguu uliokwisha kuwa mweusi, ambao mfupa wao ungetibika na ambao sasa hawana budi kukatwa.

Kusogezwa kwa tarehe kunachosha, lakini mara nyingi kuna sababu ambayo hakuna aliyewaeleza. Ngozi iliyovimba na kutoa malengelenge haipasuliwi mpaka itulie. Chumba cha upasuaji hupokea kwanza wenye hatari ya kufa, kwa mfano mama mwenye uzazi uliokwama, au majeruhi anayevuja damu tumboni. Pengine damu ya akiba haijapatikana na ndugu wanatakiwa kwenda kuchangia, au chuma cha kipimo chake hakipo. Kila sababu ina dawa yake, na mkiijua mtaacha kukaa mkisubiri gizani.

Raundi ya asubuhi si wakati mzuri wa kuuliza. Nenda kwa nesi msimamizi wa wodi, umwombe muda wa kuzungumza na daktari baada ya raundi, na ukienda uende na mmoja wa baba zake wadogo, yule hasa anayepinga kwa sauti kubwa zaidi, akasikie mwenyewe. Ombeni muonyeshwe picha. Mtu anapouona kwa macho yake mfupa uliokatika vipande viwili, kimoja kimepanda juu ya kingine, mjadala wa nyumbani hubadilika. Muulizeni daktari ni nini kinachosubiriwa, chuma kitaingia wapi, ataanza lini kukanyaga, na dalili gani zikitokea mumwite haraka. Mwambieni bila aibu kwamba hamjui Kiingereza. Kijana ni mtu mzima, kwa hiyo fomu ya ridhaa ataitia sahihi mwenyewe, lakini haifai kuisaini kabla hajaelezwa kwa Kiswahili, akaelewa, akapata na nafasi ya kuuliza.

Mkae pia macho na mguu wenyewe. Maumivu makali yanayozidi licha ya dawa, vidole vilivyopoa au visivyo na hisia, au maumivu yanayotokea akinyooshewa vidole, ni mambo ya kumwita nesi hapohapo, hata kama ni usiku wa manane na hata kama amekwisha kuitwa mara moja; misuli iliyobanwa na uvimbe hufa kwa saa, si kwa siku. Baadaye, akipata kifua kinachobana ghafla na pumzi kukatika, au mguu ukavimba upya, huenda damu imeganda kwenye mishipa.

Kuhusu gharama, kila hospitali kubwa ya serikali ina afisa wa Ustawi wa Jamii, na asiye na uwezo husikilizwa huko ili afikiriwe msamaha au malipo ya awamu. Nendeni kabla deni halijakua. Ikiwa hospitali mliyopo haiwezi kumpasua, ombeni barua ya rufaa kwenda hospitali ya KCMC mjini Moshi au Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, badala ya kumpakia kwenye gari na kuondoka wenyewe, maana barua hiyo hubeba habari za alichokwisha kufanyiwa. Mkikosa majibu wodini, mlango unaofuata ni wa mganga mfawidhi. Na kijana ajiandae: mfupa huo mara nyingi huchukua miezi minne hadi sita kuunga sawasawa, na pikipiki itamsubiri.

SWALI: Niligongwa na matatu nikivuka barabara, bega likavunjika. Wakili wangu anasema kampuni ya bima inataka nikaonwe na daktari wao. Daktari aliyenitibu aliandika kwamba nimebaki na ulemavu wa asilimia 15. Nahofia huyu ataandika sifuri. Je, ninaweza kukataa? Na nimwambie kwamba nimesharudi kazini? (Msomaji, Mombasa)

JIBU: Ni kawaida nchini Kenya kwa kampuni ya bima kuomba uchunguzi wa pili, na ukikataa bila sababu ya maana utaonekana una jambo unaloficha. Nenda, lakini ujue unakwenda kwa nani. Huyu si tabibu wako. Hakupi dawa wala hakufuatilii. Anaandika ripoti itakayosomwa na aliyemlipa, na huenda baadaye na hakimu. Hilo halimfanyi kuwa adui. Mheshimu, jibu ulichoulizwa, usiongeze hadithi ya nani alikuwa na makosa barabarani, kwani hilo si lake kuamua.

Mwambie kwamba umerudi kazini, kisha umwambie umerudi vipi: kama zamani ulikuwa ukibeba mizigo na sasa unaandika hesabu, hilo ni jibu kamili na lina uzito kuliko kunung'unika. Akikwambia uinue mkono, uinue mpaka pale unapoweza kweli, useme maumivu yanaanzia wapi. Usiigize. Madaktari hawa hupima mwendo uleule kwa njia mbili tofauti, na mkono ulioshindwa kupanda mezani ukapanda vizuri wakati wa kuvaa shati huandikwa hivyohivyo. Beba nakala za fomu ya polisi ya P3, picha, fomu ya kuruhusiwa hospitali na risiti, na ukitoka uandike siku hiyohiyo alichokuuliza, alichopima na muda mliokaa, umpe wakili wako.

Asilimia hizo mbili zikitofautiana usishtuke. Ulemavu haupimwi kwa mizani ya sokoni. Ni makadirio ya mtaalamu, na mahakama huzisoma ripoti zote mbili na kuamua ipi ina maelezo ya kutosha. Ripoti ya daktari wako iliyoandikwa bega likiwa bado halijapona sawasawa inaweza kuhitaji kuandikwa upya. Jua pia kwamba chini ya sheria ya bima ya magari ya Kenya, Sura ya 405, bima hulipa hadi shilingi milioni 3 kwa mtu mmoja, na kwamba kesi ya kuumizwa hufunguliwa ndani ya miaka 3.

SWALI: Mimi ni fundi umeme. Bosi alinituma kuchukua vifaa kwa pikipiki ya kampuni, nikagongwa na gari. Alilipa bili ya kwanza, lakini aliniomba nimwambie daktari kwamba nilikuwa kwenye shughuli zangu. Nilikubali. Sasa mkono haukunjuki na amesema hana fedha zaidi. Hospitali nayo imekataa kunipa faili langu. (Msomaji, Dodoma)

JIBU: Bosi wako alikuomba jambo lililokugharimu, na sidhani kwamba hakujua. Tanzania Bara ina Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ulioundwa kwa sheria ya mwaka 2008 na kuanza kazi mwaka 2015, ambao mwajiri huuchangia ili mfanyakazi anayeumia akiwa kazini agharimiwe matibabu na kulipwa fidia. Fidia hiyo haitegemei kuthibitisha uzembe wa mtu yeyote. Dai linapaswa kufikishwa ndani ya miezi 12 tangu ajali, kwa hiyo usikae ukibembelezana na bosi. Mtaarifu kwa maandishi, ubaki na nakala, na ukiona kimya nenda mwenyewe katika ofisi ya Mfuko.

Kuhusu ulichomwambia daktari, rudi hospitali ileile na kitambulisho, umwone daktari aliyekuhudumia au mwenzake wa kliniki hiyo, na umweleze ukweli: safari ile ilikuwa ya kazi, na kwa nini ulisema vingine. Usimwombe afute alichoandika, kwa sababu hawezi na hapaswi. Mwombe aongeze maelezo mapya chini yake yenye tarehe ya leo. Ukiwa na ujumbe wa simu wa bosi akikutuma siku ile, au hati ya dukani yenye muda na jina la kampuni, vitunze. Hivyo ndivyo vitakavyoyapa nguvu maelezo yako ya pili.

Faili hubaki hospitali, na hilo si kukunyima haki. Unachopaswa kuomba, kwa barua fupi kwa mganga mfawidhi, ni ripoti ya daktari yenye muhuri, nakala ya fomu ya kuruhusiwa, na picha zako za eksirei. Uliza ada ya ripoti na udai risiti. Wakati huohuo usiache mkono huo ukae hivyo ukisubiri karatasi: kiwiko kilichoumia kikikaa bila mazoezi hukakamaa zaidi kadiri wiki zinavyopita, na kliniki ya fiziotherapia inaweza kukuanzishia mazoezi wiki hii, kabla dai lako halijafikia meza ya mtu yeyote.